"Ni uzee tu": kisa cha simbilisi wa Mwalimu

Simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa ambao Kiingereza huwaita "guinea pig", wengi wao hapa Mufindi mkoani Iringa hawaufikii uzee. Huzaliwa jikoni, hunenepa kwa matete na majani ya mahindi, na kabla ya kutimiza mwaka wameshaingia chunguni au wameuzwa kwa jirani. Kwa hiyo anapotokea mmoja aliyeachwa hadi miaka mitano au sita, mwenye naye hana wa kumuuliza. Hata sisi maafisa mifugo chuoni tulisoma ng'ombe, nguruwe, mbuzi na kuku; simbilisi tulimsikia kama mnyama wa maabara, basi. Mengi niyajuayo juu yake nimeyapata kwa kusoma mwenyewe na kwa kusumbua madaktari wenye subira.

Kisa ninachokichambua ni cha nyumba moja nje kidogo ya Mafinga. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, nami nitamwita Mwalimu kama kijiji kizima kinavyomwita. Ilikuwa mwezi wa saba, kipupwe kimekaza. Aliyenipigia simu ni mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita.

"Shikamoo Bwana Mifugo. Bibi anasema usijisumbue, ni uzee tu. Lakini mimi naona ana njaa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitoa ofisini. Mnyama anayekonda kwa kuchakaa huwa amepoteza hamu ya kula. Anayekonda huku bado anakimbilia chakula ana tatizo lenye jina lake, na mara nyingi lina dawa.

Tulichokikuta

Simbilisi walikuwa wawili: dume mwenye miaka mitano na ushee, na jike mkubwa aliyezaliwa mwezi ambao mjukuu alianza darasa la kwanza, yaani miaka mitano na nusu. Kulikuwa na wa tatu, jike mdogo wa miaka minne, aliyekufa wiki iliyotangulia. Huyo nitamrudia.

Simbilisi akitunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi saba, wengine minane. Yupo mmoja wa Uingereza aliyeandikwa katika rekodi za Guinness, aliyekufa mwaka 1979 akikaribia kutimiza miaka 15, lakini huyo tumwache na rekodi yake. Jike wa Mwalimu alikuwa mzee, hilo halina ubishi. Ila hakuwa na umri wa kufa kesho.

Banda lao lilikuwa jikoni, kibanda cha tofali mbichi chenye mafiga, karibu kabisa na moto. Joto lilikuwepo, na moshi pia. Sakafu ya banda ilikuwa waya wa kuku, ili kinyesi kidondoke chini chenyewe. Kwa simbilisi wa miezi minne ambaye ataondoka karibuni, sakafu hiyo haina kesi kubwa. Kwa mzee anayekaa mahali pamoja saa nzima bila kusogea, waya ni kisu kinachokata taratibu.

Chakula kilikuwa matete yaliyokatwakatwa, pumba za mahindi, na kwa siku za karibuni ugali laini uliobaki usiku. "Majani hayataki," Mwalimu alinieleza, "nikaona nimhurumie." Majani mabichi yenyewe yalikuwa haba, mwezi wa saba bustani nyingi huku zimeungua kwa baridi.

Mizani hawakuwa nayo. Tuliazima ya duka la jirani, ile ya kupimia sukari, tukamweka jike ndani ya sufuria. Alikuwa na gramu 610. Jike mzima wa kawaida huwa kati ya 700 na 900, na mjukuu aliapa kwamba huyu zamani alimzidi dume kwa unene. Dume alikuwa na 930.

Kisha nilimwachia jike lishe yake nikakaa kumtazama, kazi ambayo kwa simbilisi ni nusu ya uchunguzi. Simbilisi ni windo la kila mla nyama, na maumbile yamemfundisha kuficha udhaifu. Ukimshika anaganda, na ukimwachia anajifanya mzima. Alikimbilia tete, akalikata kwa meno ya mbele, akatafuna kwa kupeleka taya upande mmoja, halafu jani likarudi nje likiwa limelowa. Akachukua jingine, likatoka vilevile. Kidevu kilikuwa majimaji na manyoya ya kifuani yamegandamana. Kinyesi chake kilikuwa kidogo, kimoja kirefu kimoja duara, tofauti na kile cha dume kilicholingana kama punje.

Nilipomshika nikaona mengine. Meno ya mbele yalikuwa yamelika kimshazari. Ubavu wa kulia na wa kushoto ulikuwa hauna manyoya, mahali palepale pande zote mbili, bila ukoko wala alama za kujikuna. Ndani ya tumbo, nyuma ya mbavu, vidole viligusa kitu cha duara, laini, kila upande. Nyayo za nyuma zilikuwa nyekundu na zimevimba, moja ina kidonda. Kucha zilikuwa zimejikunja. Magoti yalikuwa magumu.

Kila kimoja kati ya hivyo, kikitajwa peke yake, mtu angekijibu kwa neno lile lile la Mwalimu. Manyoya yanapukutika? Uzee. Anatembea kwa shida? Uzee. Amekonda? Uzee. Ukiliruhusu neno hilo lijibu kila swali, hutatibu chochote.

Dawa iliyokuwa juu ya kabati

Nikauliza habari za marehemu. Jike mdogo alikuwa na kidonda cha unyayo, kama huyu. Ndugu mmoja wa nyumbani akaenda duka la dawa la binadamu, akaeleza kuna "kidonda chenye usaha", akapewa vidonge vya amoksilini. Walifungua kimoja wakamwaga unga wake kwenye uji, asubuhi na jioni. Siku ya pili simbilisi akaacha kula, ya tatu akaharisha maji, na ya nne akafa.

"Naye alikuwa mtu mzima," Mwalimu alisema.

Hakufa kwa utu uzima. Tumbo la simbilisi limejengwa kumeng'enya nyasi kwa msaada wa vijidudu vingi wema wanaoishi kwenye utumbo mpana, hasa sehemu ile kubwa tunayoiita sikamu. Amoksilini ikinyweshwa, kama ilivyo kwa dawa karibu zote za jamii ya penisilini, huwaua hao wema na kuwaachia nafasi bakteria wabaya wa jamii ya klostridia, ambao hutoa sumu. Siku tatu, nne, mnyama amekwisha. Dawa hiyo hiyo mtoto wa binadamu anainywa kwa kikohozi akapona, kwa hiyo simlaumu aliyeinunua, wala aliyeiuza hakuulizwa habari za mnyama.

Pakiti ilikuwa bado juu ya kabati, na jike mkubwa alikuwa aanzishiwe jioni ileile.

Wenzangu wa vijijini waliangalie hili kwa macho mawili. Ule mchanganyiko wa penisilini na streptomisini tunaouchoma ng'ombe na nguruwe kila wiki usiuelekeze kwa simbilisi. Ipo dawa ya bakteria anayoweza kuihimili, kama enroflokisasini, au salfa iliyochanganywa na trimethoprimu, lakini ipimwe na daktari wa mifugo kwa uzito wa mnyama mwenyewe. Kukisia kwa jicho kwa mnyama wa gramu 600 ni kumzidishia mara nyingi.

Kulitenganisha neno "uzee"

Manyoya ya ubavuni hayakuwa upele. Upele wa simbilisi huwasha vibaya, mnyama hujikuna hadi kupata degedege, na ngozi hujaa magamba. Upara unaolingana kulia na kushoto bila kuwasha, kwa jike aliyevuka miaka miwili, mara nyingi ni vifuko vya maji kwenye ovari, na yale maduara niliyoyagusa tumboni yalikubaliana na hilo. Mwalimu akakumbuka kwamba jike huyu hajashika mimba zaidi ya mwaka, ingawa dume yupo naye siku zote. Tatizo hili ni la kawaida mno kwa majike wazee. Tiba yake ni upasuaji wa kutoa ovari na kizazi, au sindano za homoni. Kwa jike wa umri huu, aliyekonda hivi, nilishauri tuliache hadi litakapomsumbua. Mpaka mwisho wake vifuko hivyo havikumzuia kula wala kulala.

Miguu na magoti lilikuwa jambo jingine. Waya ulikuwa umefanya yake, lakini kidonda kilikuwa hakifungi, na kwa chakula kile nilijua kwa nini. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Lazima aile kila siku. Mwaka 1907 Wanorwei wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wanawalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa wa lishe uliowasumbua mabaharia. Beriberi hawakuiona. Wakaona kiseyeye, fizi zinatoka damu, meno yanalegea, viungo vinavimba, na hivyo ndivyo kiseyeye kilivyopata mnyama wa kuchunguzwa nacho maabara. Pumba na ugali wa mwezi wa saba pale jikoni kwa Mwalimu vilikuwa vinarudia lishe ile ile.

Simsemi Mwalimu vibaya. Simbilisi kijana kwenye chakula kile huenda angechinjwa kabla dalili hazijaonekana. Mzee hubaki nazo.

Halafu magego. Simbilisi ana meno 20, na yote, ya mbele na magego, hukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi ngumu kwa saa nyingi kila siku. Ukimpa vitu laini, au akiwa na maumivu yanayomfanya asage upande mmoja, au kiseyeye kikilegeza mizizi, magego hurefuka. Ya chini huinama ndani kuelekea ulimini, na yakizidi hukutana juu ya ulimi mithili ya daraja. Ulimi ukibanwa hapo, mnyama anaweza kukata chakula na kukitamani, ila hawezi kukisukuma kooni. Mate yanamwagika kidevuni. Akipewa ugali anaumeza kidogo kwa kuwa hauhitaji kusagwa, na ugali unazidi kuyaacha magego yakue. Mjukuu alikuwa sahihi kuliko sisi wote.

Wiki za kwanza

Jambo la haraka halikuwa meno. Simbilisi asiyekula kwa siku nzima matumbo yake husimama, na ini huanza kujaa mafuta. Kwa hiyo tulianza na kumlisha. Jirani mwenye ng'ombe wa maziwa alitupa hei, yaani nyasi zilizokaushwa, za aina ya Rhodes. Mjukuu aliitwanga kwenye kinu, akaichekecha, akachanganya unga wake na sukuma wiki iliyopondwa na pumba kidogo, kwa maji ya uvuguvugu, hadi ikapita kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa uzito wake alihitaji kama mililita 30 kwa siku, zikigawanywa mara tano au sita. Bomba huingizwa ubavuni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, mnyama akiwa ameketi kwa miguu yake. Unasukuma kidogo, unasubiri atafune, unasukuma tena. Akilazwa chali, au ukiwa na haraka, chakula huingia mapafuni.

Vitamini C tulipata kidonge cha kawaida cha duka la dawa. Simbilisi mgonjwa huhitaji miligramu 30 hadi 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa huyu ni kama 20 hadi 30, yaani robo ya kidonge cha miligramu 100 au zaidi kidogo, iliyosagwa ndani ya ule uji wa hei. Tusiiweke kwenye maji ya kunywa: huharibika ndani ya saa chache, na mnyama akiyachukia maji kwa ladha yake ataacha kunywa. Dume, aliyekuwa anajila vizuri, alipewa kipande cha pilipili hoho kila siku, na pera dogo lilipopatikana. Kwa uzito ule ule pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa, ila lina sukari, kwa hiyo liwe kipande tu.

Kuhusu majani, kuna tahadhari mbili za huku kwetu. Majani ya viazi mviringo yana sumu, tofauti na matembele, ambayo hayana tabu. Na parachichi, mti ambao sasa umejaa kila shamba la Mufindi na Njombe, asipewe tunda wala majani. Nyasi chini ya mti hazina neno.

Banda tulilihamisha mbali na mafiga. Juu ya waya ukaja ubao, na juu ya ubao hei nene. Maranda hapa ni ya bure, viwanda vya mbao vya Sao Hill viko mlangoni, lakini maranda mabichi ya mipaini yana harufu kali inayochoma pua za mnyama mwenye mapafu yaliyokwisha kuvuta moshi miaka mitano. Yakianikwa hadi yakauke kabisa, yanafaa kwa chini, hei ikiwa juu. Kwa baridi ya usiku tulitumia chungu kilichomeguka mdomo, kikalazwa ubavu kama pango, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kitenge kuukuu. Unyayo ulioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ukakaushwa. Kucha nilizikata.

Mwalimu kwa upande wake akachukua daftari. Alichora mstari wa uzito, tarehe chini na gramu pembeni, kama kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, akawa anampima kila Jumamosi kwa mizani ya duka. Katika yote yaliyofanyika katika nyumba ile, nadhani hilo ndilo lililosaidia kuliko dawa yoyote. Manyoya humficha simbilisi. Anaweza kupoteza gramu 100 na usione kitu, na gramu 100 kwake ni sawa na kilo nane au tisa kwa mtu mzima.

Safari ya Iringa

Kwa kulishwa na bomba aliacha kuteremka kwa kasi, lakini hakupanda. Alishuka hadi 585. Magego hayanyooki kwa vitamini. Kulikuwa na njia mbili: daktari wa mifugo aliyeko mjini Iringa, kilomita kama 80, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, zaidi ya kilomita 300. Safari ya pili kwa mnyama wa hali ile niliikataa mapema. Angefika amekufa kwa hofu na kutokula.

Wakaenda Iringa kwa basi, jike ndani ya kikapu chenye hei, amelishwa kabla ya kuondoka na njiani. Mtu akikuambia simbilisi anyimwe chakula usiku kucha kabla ya nusukaputi kama mbwa, mkatalie. Simbilisi hawezi kutapika, na tumbo tupu humdhuru kuliko lililojaa. Kinachotakiwa ni kumsafisha mdomo mabaki ya chakula. Daktari alimtazama kwa taa ndogo ya kuchungulia masikio ya mbwa. Daraja lilikuwepo. Chini ya nusukaputi fupi aliyakata magego na kuyasawazisha, akampa meloksikamu ya maumivu, akamrudisha akiwa amefunikwa joto.

Hakula mwenyewe siku ile wala ya pili. Misuli ya taya iliyokaa wiki nyingi vibaya haikumbuki kazi mara moja, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuacha bomba. Siku ya nne alimaliza jani zima. Wiki ya tatu daftari lilisoma 640, na kufikia mwisho wa mwezi wa nane 690. Kidonda cha unyayo kilifunga.

Jirani mmoja alicheka sana aliposikia habari ya nauli. Nauli na kazi ya daktari vilizidi mbali bei ya simbilisi mpya, hesabu hiyo sikatai. Wala sioni aibu katika kumchinja simbilisi. Mnyama huyu ametoka milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, ambako ameliwa kwa maelfu ya miaka, na huku kwetu amesaidia mboga ya nyumba nyingi. Mkono unaojua kazi ukimchinja leo ni huruma kubwa kuliko kumwacha afe njaa kwa miezi miwili mbele ya sahani iliyojaa. Ninachokikataa ni hiyo miezi miwili. Atibiwe au achinjwe, lakini asiachwe. Na akishapewa dawa, habari ya kumla imekwisha.

Mstari ulipogeuka

Magego yaliyokwisha kupinda huwa hayaponi. Hukatwa, mnyama akala, yakakua tena. Wengi huhitaji kurudia kila baada ya wiki sita au nane, na hilo niliwaambia kabla ya safari ya kwanza. Mwisho wa mwezi wa tisa daftari lilianza kusema: 680, 665, 640. Kwa macho jike alikuwa bado mchangamfu, anapiga mluzi akisikia mfuko wa majani ukichakarika. Mstari pekee ndio ulioona.

Wakaenda mara ya pili. Safari hii alipanda hadi 650 tu, akakaa hapo kama wiki tatu, akaanza tena kuteremka. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja alikuwa 590, kidevu kimelowa tena.

Mwalimu alinipigia mwenyewe. Hakuniuliza kama ni uzee. Aliniuliza: "Mwanangu, tukimkata tena, tutapata nini?"

Ndilo swali nililokuwa nataka liulizwe, nami nilimjibu nilivyoweza. Mara ya kwanza tulipata miezi miwili mizuri. Mara ya pili wiki tatu. Kama mizizi bado imeshika, huenda tukapata wiki tatu nyingine. Kama gego limelegea, hatupati kitu, ni maumivu tu na safari. Tukakubaliana kwamba daktari atazame akiwa ameshamlaza, na akikuta mizizi imelegea, apige simu na asimwamshe. Jambo hili lazima lisemwe kabla, mtu akiwa nyumbani kwake ametulia. Kumwachia mtoto au dereva wa basi aamue mlangoni pa daktari si haki.

Magego mawili yalikuwa yanatikisika. Simu ilipigwa. Mwalimu akasema ndiyo.

Walimzika nyuma ya jiko, shimo refu. Nililisisitiza hilo kwa sababu dawa inayotumika kumlaza mnyama moja kwa moja hubaki kwenye mwili, na mbwa akiufukua anaweza kufa nayo.

Dume

Muda huo wote dume alikuwa anazeeka kwa njia yake, na njia ya dume ina harufu. Madume wazee misuli ya sehemu ya haja hulegea. Kile kinyesi laini, ambacho simbilisi mwenye afya hukichukua kwa mdomo moja kwa moja na kukila tena ili apate vitamini na protini, hushindwa kutoka, kikajikusanya ndani ya mkunjo wa ngozi hadi kuwa bonge. Watu huona uvimbe, wananusa, wanadhani ni jipu au anaoza. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, mafuta ya kupikia kidogo, na mikono isiyo na kinyaa: unalainisha, unakunjua ngozi taratibu, unalitoa bonge, unasafisha. Mjukuu alijifunza akanizidi. Anafanya hivyo kila baada ya siku mbili, na lile bonge laini akilikuta halijakauka humpa dume mwenyewe, naye hulila bila aibu.

Upweke ulikuwa shida ngumu zaidi. Baada ya jike kuondoka, dume alikaa pembeni, akala nusu. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Uswisi sheria yao ya mwaka 2008 inakataza kumfuga mmoja peke yake. Mwalimu alitaka kumletea jike kijana. Nilimkatisha tamaa: watazaana, na dume mwenye magoti mabovu atakuwa anamkimbiza jike usiku kucha. Tulitafuta dume mdogo wa wiki nne, aliyeachishwa kunyonya karibuni. Dume mzee akikutana na dume mwenzake mkubwa ni vita, lakini kitoto humpokea, humlamba, humwacha alale ubavuni. Walikutanishwa mahali papya pasipo na harufu ya mwenyewe, kukiwa na rundo la majani katikati. Mzee alinguruma kidogo, akamnusa, kisha wote wakawa wanakula upande mmoja. Uzito wake, uliokuwa umefika 860, ukarudi 890.

Kitoto nacho kitakua, na kikibalehe huenda kikataka ubwana. Mwalimu ameshaandaa ubao wa kulikata banda mara mbili.

Ukurasa wa dume kwenye daftari sasa una mambo matatu ambayo moja likitokea, Mwalimu hatamwendeleza: akiacha kula siku mbili, akishuka chini ya gramu 750, akipofuka kabisa. La kwanza nilimwomba alibadilishe. Kwa simbilisi siku mbili ni kuchelewa. Nusu siku bila kula ni ya kunipigia simu, si ya kuamua chochote. Alilibadilisha. La pili nimelikubali. La tatu tunabishana hadi leo. Jicho la kulia la dume limeshakuwa jeupe kwa mtoto wa jicho na la kushoto linafuata, lakini simbilisi hutembea kwa pua na masharubu, na kipofu aliyezoea banda lake huishi vizuri mradi chungu, maji na hei visihamishwe. Dume huyu bado ndiye wa kwanza kufika mlangoni mfuko ukichakarika. Mwalimu amesikia, hajalifuta, ila amelitia alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.